Bakuli Lako Bado Limo Tanurini

Katubuka, Kigoma
Jumatatu, alasiri

Ashura mwanangu,

Uko chumba cha pili unapanga nguo. Naisikia zipu ya begi ikikwama, ikirudi nyuma, ikikwama tena. Kutoka hapa uani hadi mlangoni kwako ni hatua kumi, na leo nimezipiga mara mbili nikitaka kukuambia jambo. Mara ya kwanza nikakuuliza kama umenunua sabuni. Mara ya pili nikakuuliza tena kama umenunua sabuni, ukanitazama kama unayemtazama mgonjwa wa homa. Basi nimechukua kalamu.

Sitaandika habari za chakula cha njiani, wala namna ya kushika mkoba ukishuka Tabora kubadilisha treni ya Mwanza. Shangazi yako ameshayasema hayo kwenye simu mpaka ukaiweka simu mezani ukaendelea kula, naye akaendelea kusema. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikalia miaka minne.

Kwanza nikuambie nilivyo, usije ukadhani ninaandika huku nalia. Silii. Tangu asubuhi nimekaa kwenye kigoda mbele ya tanuri, hapa karakana ya ufinyanzi iliyo wazi kuelekea uani, na mwili wote ni kama mguu uliokaliwa vibaya. Nimechambua mchele, nimeanua nguo, nimejibu salamu za majirani. Mama Neema amechungulia juu ya ukuta: "Mwidiwe, Mama Ashura! Mtoto kesho eeh?" Nikamjibu, "Kesho." Akasubiri niongeze neno, nikainamia ungo wa mchele, akarudi kwake. Nilidhani siku kama ya leo nitagaagaa chini kama wanawake wa msibani. Kumbe mtu anaweza kukaa tu.

Na la ajabu ni kwamba ndani ya moyo huohuo kuna sherehe haijaisha. Wewe unajua, umeniona. Mwanamke wa miaka arobaini na mbili, hina bado iko kwenye kucha, wiki ya tatu ya ndoa, anacheka peke yake akisuuza sufuria. Mume wangu! Nimeliandika neno hilo, na nina hamu ya kuliandika tena. Mume wangu Rajabu. Akirudi kazini na saruji kwenye nyusi, mimi naona kama amepambwa. Akikohoa nje ya geti nasimama kama msichana wa kidato cha pili aliyeitwa jina. Tangu baba yako afariki, Mungu amrehemu, wewe ukiwa na miaka saba, sikujua kama mlango huo bado una bawaba.

Unakumbuka alivyoanza? Alikuja kama mwashi, kujenga upya kuba la tanuri, kazi ya siku mbili. Siku ya tano bado yumo uani.

"Mama Ashura, hii tanuri yako iko na njaa ya matofali mingi. Nitarudia kesho."

"Si ulisema umemaliza?"

"Nilisema hivyo? Basi nilisema mubaya."

Nawe ulikuwa unafua pale bombani, ukainamisha uso ndani ya beseni ukicheka Kiswahili chake cha ng'ambo ya ziwa. Nilikuona. Nilifurahi kukuona unacheka ukiwa karibu na tanuri, maana ulikuwa hulisogelei tena. Hapo ndipo linapoanzia jambo langu.

Siku ya hina, usiku wa kuamkia ndoa yangu, nilikaa mkekani mikono imenyooshwa mbele, hina mbichi, siwezi hata kujifuta jasho. Shangazi yako alikuwa nyuma yangu anakunja kanga, akakuuliza, "Ashura, ukija kwangu Mwanza dukani kuna kushona mapazia na kuna kuuza. Wewe una kazi gani ya mikono?" Nawe ukajibu taratibu, bila hasira, kama mtu anayetaja mwaka wake wa kuzaliwa: "Niweke kwenye kuuza tu, shangazi. Mikono yangu haifai kwa kazi."

Maneno hayo ni yangu. Mimi ndiye niliyekupa. Nilikaa pale na mikono yangu miwili mbele ya macho, imechorwa maua, na sikugeuka.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Najua mengine unayajua, lakini nataka uyasikie kwa mpangilio wangu.

Bibi yako kule Simbo alifinyanga bila kitu chochote cha dukani. Alichukua udongo bondeni, akasaga vigae vya vyungu vilivyovunjika, akavichanganya, akafinyanga, akachoma chini kwa nyasi na kuni. Mimi kwa kuwa nilisoma hadi kidato cha nne na nilipenda kemia, nikaona nimemzidi. Nikaenda kwenye yale mafunzo ya ufinyanzi, nikakutana na feldspa. Wewe unaijua kama unga wa kwenye gunia, lakini mimi niliipenda kama watu wanavyopenda. Jiwe gumu lililosagwa. Ukilitia kwenye udongo na kuuchoma kwa moto mkali, ndilo linaloyeyuka kwanza, linapita katikati ya chembe, linaziba kila tundu na kuzigandisha. Kikombe kinakuwa kigumu, ukikigonga kinalia kama kengele. Na kwenye glezi, ule uji tunaochovya vyombo ili motoni ugeuke kioo, feldspa ndiyo karibu nusu ya kazi. Nilirudi nyumbani nikiizungumzia mpaka bibi yako akaniuliza kama nimepata mchumba.

Nikaitia kila mahali. Nilichanganya udongo wa Ilagala na udongo mweupe na feldspa, nikatengeneza vyungu vya kupikia. Vizuri, jamani! Bi Sikujua wa Ujiji akanunua kimoja kikubwa. Siku ya tatu akaja hapa na vipande ndani ya kanga.

"Mama Ashura, umeniuzia chungu au kioo cha kabati?"

"Bi Sikujua, kile ni kigumu kuliko vyote nilivyowahi kufinyanga."

"Ugumu wake nimeuona. Kimekutana na kuni mbili tu, kikaaga dunia. Maharage yamezima moto, wageni wamekula chai."

Ulikuwa na miaka kumi na tatu, ulijificha nyuma ya magunia unacheka, nami nikashindwa kujizuia, tukacheka wote watatu hadi Bi Sikujua akakaa chini. Nilipomsimulia bibi yako alisikitika kweli. "Mwana wanje, mwanangu we," akasema, "umekiziba pua." Na ndivyo ilivyo. Vile vigae vyake vilivyosagwa vilikuwa vinaacha nafasi ndogondogo ndani ya udongo, moto ukija ghafla chungu kinapata pa kujinyoosha. Mimi nilikuwa nimeziba nafasi zote. Tangu siku hiyo feldspa ni ya vikombe na mabakuli, na vyungu vya moto nafinyanga kama alivyofinyanga yeye.

Kosa hilo nimelisimulia mtaa mzima, hata kwenye harusi yangu nimelisimulia. Ni rahisi kusimulia kosa ambalo halikumuumiza mtu.

Hili la pili sijalisimulia.

Ulikuwa na miaka kumi na tano. Ulikuwa ukitoka shule unavua viatu hapa mlangoni, unaingia karakana bila kuitwa. Mabakuli yako yalikuwa mepesi kuliko yangu. Sikukuambia, nilidhani utalewa sifa. Mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Bangwe akaagiza mabakuli ya supu, mengi, ya tanuri zima, na siku zilikuwa zimebana. Feldspa ikaisha, likaja gunia jipya kwa treni. Nikakuambia upime glezi. Ukafungua gunia, ukachota, ukalowesha kidogo kiganjani.

"Mama, unga huu si ule."

"Ni feldspa. Soma gunia."

"Ule wa kwanza ukiulowesha unaelekea wekundu kidogo, kama nyama ya kuku mbichi. Huu ni mweupe pee. Tusiujaribu kwanza kwenye kigae?"

"Ashura, pima. Usinifundishe kazi."

Nawe ukapima. Uliandika kila kipimo kwenye daftari lako la hesabu, ukurasa wa mwisho: feldspa, chokaa, mchanga mweupe, udongo. Mimi niliuona ule weupe. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine yote. Niliuona, na nikaamua sijauona, kwa sababu kujaribu kungenipotezea siku tatu.

Tulifungua tanuri mzee yule akiwa amesimama hapahapa uani, amekuja na gari kuchukua mzigo wake. Unakumbuka ilivyokuwa. Glezi yote ilikuwa imetiririka kama uji uliochemka ukamwagika, mabakuli yameganda kwenye vibao vya tanuri, na machache yaliyobanduka yalikuwa na nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Mzee akaniangalia. Hakusema neno baya hata moja. Alisema tu, "Sasa, mama?"

Na mimi, mtu mzima, mwalimu wako, nikanyoosha kidole. "Ni huyu mtoto. Amepima vibaya. Nilijua tu, mikono yake haifai kwa kazi hii."

Hukujitetea. Hicho ndicho kinachonirudia. Ungesema, "Mama, si nilikuambia?" ningekuchapa pengine, lakini lingekuwa limesemwa mbele ya shahidi. Wewe ulikwenda bombani, ukanawa mikono mpaka kwenye viwiko, taratibu, ukatundika aproni yako msumarini. Tangu siku hiyo unafagia ua wote na ufagio wako unaishia kizingitini mwa karakana. Nikikuomba unisogezee ubao, unasimama nje unaunyoosha kwa ndani kwa urefu wa mkono, kama mtu anayemlisha mbwa asiyemwamini.

Miezi miwili baadaye nilikuta kopo lenye mabaki ya ule unga wa kwanza. Nikachukua kigae, nikaweka vilima viwili vidogo, kimoja cha unga wa zamani na kimoja cha unga mpya, nikaviweka pembeni mwa tanuri pamoja na vikombe. Nilipofungua, kilima cha zamani kilikuwa bado kilima, kimelainika kidogo tu juu. Kile kipya kilikuwa dimbwi. Nikakumbuka somo langu la kemia nikiwa nimechuchumaa palepale: feldspa moja ina potasi, kama ile ya majivu ya kuni, nyingine ina sodiamu, jamaa ya magadi tunayotia kwenye maharage. Zote huitwa feldspa, zote ni unga, lakini ile ya pili huyeyuka mapema, hutiririka, na ikipoa hujikunja zaidi ya bakuli lililoivaa, ndipo nyufa zinapotoka. Vipimo vyako vilikuwa sahihi vyote. Mikono yako ilijua ndani ya sekunde moja kitu ambacho mimi na cheti changu hatukutaka kukijua.

Kile kigae ninacho. Kimefungwa kwenye kitambaa, nyuma ya kabati, miaka minne. Nilisema nitakuambia ukitoka shule siku hiyo, ukarudi umechoka. Nikasema baada ya mtihani. Nikasema ameshasahau, nitamkumbusha bure. Nikasema nitampikia samaki, wale migebuka, siku moja tukae vizuri, nikapika migebuka, tukakaa vizuri, tukala. Kadiri siku zilivyokwenda nilikuwa nahitaji maneno makubwa zaidi, na maneno makubwa sina. Sasa hivi naandika kwa maneno madogo na naona yanatosha. Yangetosha siku ile.

Rajabu ndiye aliyeuliza. Siku ya nne ya ndoa, tuko hapa uani, mimi nimeegemea bega lake (usinicheke), nawe unafagia. Akakutazama ulivyogeuza ufagio mlangoni mwa karakana.

"Huyu mutoto, mbona hapitaka pale?"

Nikamsimulia. Ni yeye wa kwanza kuambiwa. Nilitegemea atanifariji, maana mume wangu ana maneno matamu ajabu, anaweza kumsifu mtu kwa namna anavyomenya kitunguu. Wapi! Akatoa bega lake polepole, si kwa hasira, ili tu aweze kunitazama.

"Umuambie."

"Nitamwambia."

"Lini? Treni haingojaka mutu."

Na baadaye, akiwa ameshalala nusu, akasema tena gizani, "Mimi sitamuambia. Si mimi nilimukatia ile neno." Nampenda kwa maneno matamu, lakini nadhani nampenda zaidi kwa hilo.

Basi nikatafuta daftari lako la hesabu. Lilikuwa chini ya godoro la bibi yako, lile la wageni. Ukurasa wa mwisho upo, mwandiko wako wa miaka kumi na tano. Na juu ya rafu ya mwisho karakana kulikuwa na bakuli lako moja, lililochomwa mara ya kwanza tu, halijawahi kuonja glezi. Ulilifinyanga wiki ileile. Chini lina alama ya kidole gumba chako, ulilibonyeza kabla halijakauka, sijui kwa kusahau au kwa makusudi. Vumbi la miaka minne nililipangusa kwa maji. Nikatafuta feldspa ile ya kwanza, yenye wekundu. Safari hii nililowesha kiganjani, nikatazama mpaka nikaridhika. Nikapima kama ulivyoandika wewe. Sikuongeza wala kupunguza hata kijiko. Jana ulipokwenda kuaga jamaa Ujiji, mimi na Rajabu tulichoma tanuri zima kwa bakuli moja. Alilisha kuni tangu alfajiri hadi jioni akiimba nyimbo zake, na hakuniuliza hata mara moja kwa nini tusisubiri tulijaze.

Ukauliza jioni, "Mmechoma nini?" Nikasema, "Vitu." Ukaenda kulala.

Sikuambii haya ili ushushe begi. Nenda, mwanangu. Ukitaka kuuza mapazia, uza, na uyauze vizuri. Ukitaka kushona, shona. Hata usiposhika udongo tena maisha yako yote mimi sitasema neno. Ninachotaka ni kwamba shangazi yako akikuuliza tena, au mtu mwingine yeyote akikuuliza, usimjibu kwa maneno yangu. Yalikuwa uongo. Niliyasema kwa sababu niliogopa kuonekana mjinga mbele ya mtu ambaye hata sura yake siikumbuki vizuri.

Sijui kama unaweza kunisamehe, na sikuulizi leo. Mtu anayefunga begi asiulizwe maswali makubwa.

Sasa kuna kazi moja imebaki, na siwezi kuifanya peke yangu.

Tanuri bado limefungwa. Kuta za Rajabu ni nene, zinashika moto kama zinaupenda, na likifunguliwa mapema, hewa ya baridi ikiingia ghafla, bakuli litalia mara moja, limepasuka, na hapo ni basi. Likichelewa, wewe utakuwa umeshaondoka. Kipimo unakijua: unaweka kiganja kwenye tofali la mlango wa tanuri, unahesabu polepole hadi ishirini. Ukiweza kufika ishirini bila kuondoa mkono, fungua. Nimeweka kiganja changu leo mara nyingi. Nahesabu hadi ishirini, hadi thelathini, hadi hamsini. Sihisi kitu. Ulikuwepo wiki iliyopita nilipoinua kifuniko cha sufuria bila kitambaa, Rajabu akapiga kelele, "Moto!" nikamwuliza, "Uko wapi?" Mlicheka. Mimi pia nilicheka. Ila ndivyo ilivyo, Ashura: miaka yote hii ya kutoa vyombo vingali na moto imeniua ncha za vidole, na sasa viganja vinafuata. Mikono hii siwezi kuitegemea tena kwa jambo hili.

Rajabu amejitolea. Nimemkatalia. Bakuli si lake.

Nitaiweka barua hii juu ya begi lako ukienda kuoga. Kesho bajaji ya kukupeleka stesheni inakuja saa mbili. Amka mapema kidogo. Mimi nitakuwa hapa kwenye kigoda. Huna haja ya kusema chochote, hata salamu ukitaka iache. Vuka kizingiti cha karakana, uje mpaka kwenye tanuri, uweke mkono wako kwenye tofali.

Ukisema limepoa, tutafungua. Ukisema bado, ni bado. Halitafunguliwa hata kama bajaji inapiga honi, utaondoka bila bakuli, nami nitalituma likiwa tayari. Wewe ndiye utakayeniambia. Safari hii nitasikiliza.

Mama yako